Vigingi Kwenye Kichanja cha Bibi

Sisi tuliokua kabla ya barabara kufika Nyakasoro tunajuana kwa visigino. Ukikutana na mtu wa rika langu kwenye soko la Mwandiga, hata kama amevaa viatu vizuri, msubiri avivue mlangoni kwa watu. Utaona visigino vyake vina mipasuko ambayo hakuna mafuta yanayoiziba, na ndani ya mipasuko hiyo bado kuna wekundu wa udongo wa kilimani. Wadogo zetu wana visigino laini kama vya watoto wachanga na wanatucheka. Tunawaacha wacheke, kwa sababu hawajui tulipopita.

Kijiji chetu kiko kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, upande wa kwenda Kagunga. Mbele yake ni maji. Nyuma yake ni milima iliyosimama kama ukuta. Katikati ni kipande chembamba cha ardhi chenye nyumba, mihogo na michikichi. Tulipokuwa wadogo kulikuwa na njia mbili za kutoka. Ya kwanza ilikuwa boti, ambayo ilipita asubuhi ikitoka Kagunga, imejaa watu, dagaa na kuku, na ziwa likichafuka haikupita kabisa. Ya pili ilikuwa kilima. Kilima hakikuahirisha safari hata siku moja, lakini magoti yalijua.

Siku za gulio Mama alituamsha kukiwa bado na ukungu. Yeye alibeba dumu la mawese kichwani, mdomo wa dumu umezibwa kwa jani la mgomba lililokunjwa na kukazwa. Sisi watoto tulibeba mise, zile kokwa za chikichi, kwenye vikapu vidogo. Njiani tuliiba kokwa mbili tatu, tukazipasua kwa mawe na kutafuna huku tunapanda. Mvua ikiwa imenyesha, udongo uliteleza kama sabuni. Mama alikuwa na amri moja tu: "Ukianguka, angukia upande wa kilima. Usiangukie upande wa ziwa." Hakutuambia tusianguke. Alijua tutaanguka.

Kileleni kila mtu alitua mzigo. Ukitazama nyuma ulikiona kijiji chote kimekuwa kidogo kama vitu vya kuchezea, na ng'ambo ya maji uliiona milima ya Kongo. Hapo tulikula mihogo ya kuchoma na dagaa waliokaangwa mpaka wakawa wanavunjika mdomoni. Kwenye njia ile hakuna aliyempita mwenzake bila kumsalimia, ila salamu zilichelewa kwa sababu wote wawili walikuwa wanahema. Mkubwa alisimama, akashika kiuno, akasubiri. Mdogo akavuta pumzi, ndipo ikatoka shikamoo. Na marahaba nayo ikahitaji pumzi yake.

Kurudi kulikuwa kutamu zaidi. Watoto tulichuna magome mapana ya migomba, tukayakalia na kuteleza nayo kwenye majani ya mteremko mpaka karibu na kijito. Sketi ya shule ilitoboka nyuma, Mama akashona kiraka, kikatoboka, akashona kiraka juu ya kiraka. Mimi nilikuwa na sketi ambayo mbele ilikuwa ya bluu na nyuma ilikuwa ya rangi zote.

Nakumbuka pia mwalimu wetu wa darasa la tatu, kijana aliyepangiwa kwetu kutoka Singida. Alishuka kwenye boti akiwa na rangi ya majivu, akakaa juu ya sanduku lake mchangani, akatuuliza: "Watoto, hakuna njia nyingine ya kufika hapa?" Tukamwonyesha kilima. Akakitazama muda mrefu. "Basi," akasema, "nitakaa hapahapa." Akakaa miaka sita, akaoa kwetu.

Lakini kwa wagonjwa kilima hakikuwa mchezo. Mtu akizidiwa, wanaume walileta ngobyi, machela yetu ya kusuka yenye miti miwili mirefu, wakambeba kwa zamu mpaka barabara ya magari kule juu. Aliyeitwa kubeba akakataa hakuzikwa vizuri, ndivyo tulivyoambiwa. Nimeziona ngobyi nyingi zikipanda. Wengine walirudi kwa miguu yao wakiwa na chupa ya dawa mkononi. Wengine walirudi kwenye ngobyi ileile.

Ndiyo maana habari ilipokuja kwamba serikali ina mradi wa kuunganisha vijiji kwa barabara, na kwamba kijiji chetu kimo, watu walifurahi kwa tahadhari. Wazee walisema wameahidiwa barabara hiyo tangu wakiwa na meno yote. Wakaitisha mkutano wa kijiji. Kila mwenye shamba ambalo barabara ingepita aliulizwa kama anakubali kutoa kipande, na kila mmoja alikubali, wengine kwa moyo, wengine kwa kununa. Mwenyekiti akaandika kwamba wote wamekubali.

Wote, isipokuwa mmoja ambaye hakuulizwa. Bibi yangu Zaituni, mama yake baba, siku hiyo alikuwa Ilagala kwenye msiba wa dada yake, na alikaa huko mpaka arobaini ilipokwisha. Na shamba la Bibi ndilo lililokuwa mlango wa kijiji. Lilikuwa ng'ambo ya kijito, pale kilima kinapomalizikia. Barabara isingepita pale, isingeingia Nyakasoro.

Shambani mle kulikuwa na michikichi tisa. Bibi aliipanda mwenyewe, mmoja mmoja, baada ya babu kufa ziwani. Michikichi hiyo ndiyo iliyomlea baba yangu na ndugu zake. Ilitoa mawese ya kula na ya kuuza, mise, makuti ya kuezekea, mpaka mabua ya kuwashia moto. Bibi hakuwahi kwenda kwa mtu kuomba chumvi. Alikuwa akisema, "Nina wanangu wanne waliozaliwa na wanangu tisa waliosimama."

Mimi nililala kwa Bibi tangu nilipoachishwa ziwa, na siku za gulio Mama alikuja kuniamsha hukohuko, kwa hiyo nilikuwepo asubuhi aliyokuta kigingi cha kwanza. Kilikuwa kijiti kilichochongwa vizuri, kimefungwa kitambaa chekundu na kimeandikwa namba, kimechomekwa katikati ya michikichi yake. Alikuwa amerudi Ilagala siku mbili kabla. Alikizunguka kama mtu anayezunguka nyoka, kisha akakichomoa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana vijana wa sasa hawaijui. Kwetu, mtu akichomeka mti shambani kwako bila kukaa nawe, amesema kwamba pale ni pake. Lakini huuvunji na huutupi, maana hapo utakuwa umeanza ugomvi wewe. Unauchomoa, unauosha, unauweka kwenye kichanja juu ya moto, pale panapokaushiwa samaki, ili usiliwe na mchwa. Halafu unangoja. Mwenyewe akiwa muungwana atakuja na kusema amefuata kitu chake. Mtakaa, mtakula sahani moja, mtakwenda pamoja shambani, na pale mtakapokubaliana mti utachomekwa mbele ya wote wawili. Asipokuja akachomeka mwingine, nao unauchomoa, unauosha, unangoja.

Bibi akangoja. Siku tatu baadaye kulikuwa na vigingi vitatu. Akavichomoa. Wiki iliyofuata vinne. Akavichomoa, akaviosha kijitoni kwa mchanga, akaviweka kichanjani kati ya samaki wa migebuka. "Huyu mtu," aliniambia, "ni mkaidi, lakini anachonga vizuri."

Mimi nilikuwa darasa la nne. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani watu wazima wote wanajua, na kwamba mwenye vijiti atakuja siku atakayotaka.

Mwenye vijiti alikuwa Injinia Sanga, mtu wa Njombe, kijana mrefu mwenye kofia ya plastiki ya njano. Yeye aliamini kuna mwizi. Alikuja mara ya pili kupima, akakuta hakuna kitu. Akaja mara ya tatu. Kila mara alipanda na kushuka kilima kile na wasaidizi wake wakiwa wamebeba chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu, na wakati huo tingatinga lilikuwa limekwisha fika juu kileleni linamsubiri. Tulilisikia likinguruma. Sisi watoto tulipanda kwenda kulitazama, tukalisalimia. Kweli kabisa, Tatu, binti wa shangazi, aliliambia tingatinga shikamoo.

Mwishowe Injinia akaitisha mkutano uwanjani shuleni. Watu walikaa kwenye majani, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Bibi hakuja, alikuwa na chikichi motoni na chikichi haziachwi peke yake. Injinia alisimama bila kofia, na nilipomwona usoni nilijua amechoka kuliko alivyokasirika.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nimetumwa kuwaletea barabara, sikutumwa kuwalazimisha. Mara tatu nimepima, mara tatu mmeng'oa. Mvua za vuli zinakaribia, na kuna vijiji vingine vinaniomba kila siku. Kesho asubuhi tingatinga litaondoka. Barabara yenu itaishia kule juu."

Kukazuka kelele. Wanaume wakaanza kutuhumiana.

"Ni hawa wachunga mbuzi! Wanafungia mbuzi wao!"

"Mbuzi wangu hafungwi kwa kijiti cha namba, sema lingine!"

"Basi ni watu wa boti. Barabara ikija nani atapanda boti zao?"

"Wewe nauli ya boti hujawahi kulipa, leo unaitaja!"

Mwenyekiti alipiga makofi kutaka kimya, hakuna aliyemsikia. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Miezi michache kabla ya hapo mdogo wake alikuwa amepandishwa kilima kwenye ngobyi, na sikuhitaji kuuliza anawaza nini.

Ndipo nilipoelewa. Nilielewa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji, kwamba vijiti vinavyotafutwa ni vile vilivyo juu ya moto wa Bibi, na kwamba mtu huyu wa Njombe hajui kuwa anangojwa. Lakini mimi tangu zamani si mtu wa kusema mbele za watu. Hata darasani nikijua jibu nililiandika kwenye kiganja nikamwonyesha Tatu, akalisema yeye. Nikavuta kanga ya Mama. Akanipiga kofi dogo la mkono, nitulie. Nikavuta tena, nikamnong'oneza sikioni.

Mama aligeuka akanitazama. "Vyote?"

"Vyote. Vimeoshwa."

Mama akainuka. Hakuwa msemaji naye, lakini sauti aliitoa. "Injinia, vijiti vyako havijaibiwa. Viko kwa mama mkwe wangu. Anakungoja ukavifuate."

Tulikwenda kijiji kizima. Bibi alikuwa uani anakoroga pipa la chikichi, mvuke umemzunguka. Aliuona umati, hakuacha kukoroga.

"Hodi, Bibi. Shikamoo," Mwenyekiti alisema.

"Marahaba. Ni msiba au ni harusi? Mbona mmekuja wote?"

"Tumemleta Injinia."

Bibi akafuta mikono, akamtazama kijana yule kutoka kichwani hadi kwenye mabuti. "Ndiye mwenye vijiti?"

"Ndiyo mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekungoja wiki tatu. Nikasema, huyu ama hana adabu ama amekufa."

Watu wakacheka. Injinia hakucheka. "Bibi, vile ni mali ya serikali. Kwa nini umeviiba?"

Kicheko kikakatika. Bibi aliuweka mwiko chini polepole. "Mwizi anaficha, mwanangu. Ingia uone kama nimeficha."

Injinia akainama kupita mlangoni, na sisi tukachungulia kwa dirisha. Vigingi vilikuwa vimepangwa kichanjani kwa namba zake, namba ndogo mbele, kubwa nyuma, vimekuwa vyeusi kidogo kwa moshi. Bibi hajui kusoma. Alivipanga kwa siku alizovitoa, na namba zikajikuta zimefuatana. Vitambaa vyekundu vilikuwa vimefuliwa na kukunjwa. Injinia akavihesabu, akarudia kuvihesabu, na alipotoka nje uso wake ulikuwa mwingine.

"Havijapungua hata kimoja," alisema.

"Vipungue viende wapi? Mtu akichomeka mti kwangu bila kuniambia, namtunzia mpaka aje. Nyinyi huko kwenu mnafanyaje?"

Injinia akafikiri. "Kwetu tunagombana kwanza, Bibi. Halafu tunakwenda kwa balozi wa nyumba kumi."

"Basi hapa tunaanza na kula. Kaa."

Akakaa. Mwenyekiti naye akasogea, akanyoosha mikono anawe. Bibi akaivuta birika ya maji. "Wewe subiri. Wewe uliandika kwamba wote wamekubali. Mimi nilikubali lini?"

"Bibi, si ulikuwa Ilagala msibani?"

"Ego, ndiyo, nilikwenda kuzika. Kwani nilizikwa mimi? Sikurudi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. Mwenyekiti alinawishwa mwisho kabisa.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese. Mtu wa Njombe hajazoea ugali wa muhogo. Unavuta, na asiyeujua anahangaika nao kama mtu aliyekanyaga gundi. Lakini alikula mpaka midomo ikawa myekundu, na Bibi alimtolea miba ya samaki kwa mkono wake kama anavyomtolea mtoto.

Kisha wakaenda shambani. Hapo hakuna aliyecheka tena, kwa sababu wote tuliiona michikichi ile tisa na tulijua mstari unapita wapi.

"Nieleze," Bibi alisema. "Kwa nini hapa? Kwa nini usipinde?"

Injinia hakumjibu kwa haraka kama wakubwa wanavyowajibu bibi zetu. Alimwonyesha. "Nikipinda juu, ni mwamba, tingatinga letu haliwezi. Nikipinda chini, mvua ya kwanza itaipeleka barabara ziwani."

"Chini ni kweli. Mume wangu alijenga banda pale, tukaja kuliokota ufukweni." Bibi akainua macho kuitazama njia ya kilimani. "Na gari la wagonjwa litaweza kupita?"

"Litapita, Bibi. Litashuka mpaka shuleni."

Bibi aliutazama mchikichi mmoja, akautazama mwingine. Mama alikuwa amesimama nyuma yake na kanga mdomoni.

"Unaikata yote tisa?"

Injinia akaenda kwenye chombo chake, akachungulia, akapiga hatua, akarudi, akachungulia. "Nikiikaza kona, nitakuachia miwili."

"Mitatu."

"Bibi, hapa si sokoni."

"Mitatu."

Akachungulia tena. Alikisogeza chombo mara nne, akaandika, akafuta, akaandika. Jasho lilimtoka. Hakuna aliyemlazimisha, angeweza kusema serikali imeamua na ikawa hivyo. Mwisho akainua kichwa. "Mitatu," akasema. "Lakini kona itakuwa kali, na madereva watanitukana."

"Wakikutukana nitakuombea mimi," Bibi alisema.

Akachukua kigingi cha kwanza, akapiga magoti kwenye shamba lake, akakishika wima kwa mikono miwili. "Haya, gonga. Usinipige vidole, navihitaji."

Injinia alishusha nyundo taratibu, kama anayebisha hodi. Kisha akagonga.

Siku ya kukata nilikuwepo. Michikichi sita ilianguka, na mchikichi ukianguka ardhi inaguna. Bibi alisimama kando, akanishika bega. Kila ulipolala mmoja aliniambia ulipandwa lini: huu baba yako alikuwa anaanza kutembea, huu shangazi yako alikuwa na surua. Hakulia. Alikusanya mikungu ya mwisho, akakamua mawese yake, akawapelekea wafanyakazi wa barabara wakapikie. Jioni ile yeye mwenyewe hakula.

Nasikia Injinia tangu siku hiyo hakuchomeka kigingi mahali popote bila kwanza kubisha hodi. Kijiji hadi kijiji alikaa, akala, ndipo akapima. Wasaidizi wake walisema alipofika kijiji cha mwisho suruali zake zilikuwa hazifungi. Lakini barabara yake ilikwisha kabla ya mvua kubwa, na haikuzuiwa tena na mtu.

Siku tingatinga liliposhuka mpaka kijitoni, shule ilifungwa yenyewe. Mwalimu alikuwa wa kwanza kukimbia. Halafu likaja gari la kushindilia, likaiacha njia imenyooka, ngumu, safi. Na hapo kijiji chetu kikafanya jambo ambalo naamini hakuna kijiji kingine ambacho kingelifanya. Asubuhi yake wanawake wote walitoka na mabeseni, wakaanika dagaa barabarani kutoka kijitoni mpaka shuleni. Hawakuwa wamepata kuona mahali pazuri vile pa kuanikia dagaa. Gari la kwanza kufika Nyakasoro, la mradi wenyewe, lilisimama mbele ya dagaa nusu saa, dereva anapunga mkono na wanawake wanampungia, kila upande ukidhani unasalimiwa. Mwenyekiti ilibidi apite na kipaza sauti siku tatu.

Mwaka huohuo shangazi alijifungua mapacha hospitali ya mjini. Alikwenda amekaa kwenye kiti cha gari, anatazama nje. Ngobyi ya mtaa wetu ilitundikwa ukutani kwa Mwenyekiti, na kuku wakaanza kutagia humo.

Mimi niliishia darasa la saba. Sasa nimo katika kikundi cha wanawake tunaofyeka majani na kuzibua mitaro ya barabara hiyo. Ukiishika barabara kwa mkono unaijua. Najua kila kalavati, najua mahali maji yanapotaka kutoroka. Na kila tukifika kwenye kona ya Bibi, ambayo kweli ni kali na kweli madereva wanalaani, huwa namkumbuka yule mtu wa Njombe na chombo chake, jinsi alivyokisogeza mara nne kwa ajili ya mchikichi mmoja wa mwanamke asiyemjua. Wapo wanaosema serikali ni makaratasi. Mimi niliiona ikitoka jasho.

Wadogo zetu hawaelewi habari hizi. Mdogo wangu wa mwisho akitumwa chumvi dukani anasubiri bodaboda. Ukimwambia tulikuwa tunakwenda Mwandiga kwa miguu na dumu kichwani, anauliza kwa nini hatukupiga simu mzigo ukafuatwa. Analalamika barabara ina vumbi! Sisi vumbi hilo tuliliomba. Shikamoo zao zinakufikia wao wakiwa wamekwisha pita, ukisema marahaba unaliambia vumbi. Njia ya kilimani imeota majani. Nilijaribu kuwaonyesha watoto wa shangazi, mapacha wale wale, wakakomea kwenye kijiwe cha kwanza wakasema miguu inauma. Sitaki kilima kirudi, nisije nikaeleweka vibaya. Natamani tu wangejua kusimama, kushika kiuno na kumngoja mtu avute pumzi.

Bibi yupo. Amezeeka sana, amekuwa mdogo, lakini kila asubuhi huamka na ufagio na kufagia kipande cha barabara kilichokuwa shamba lake, kuanzia mchikichi wa kwanza uliobaki hadi wa tatu. Anakifagia kama ua. Madereva wa kwetu wanajua, wanapunguza mwendo wanapokata kona.

Wiki iliyopita lilikuja lori la dereva mgeni, nami nilikuwa mtaroni na jembe langu. Akapiga honi. Bibi hakugeuka. Akapiga tena. Utingo akaruka chini.

"Bibi, tupishe, tuna haraka. Soko linatusubiri."

"Kutoka hapa mpaka sokoni ni muda gani siku hizi?" Bibi aliuliza.

"Hata saa moja haifiki."

"Sisi ilikuwa siku nzima, na soko lilitusubiri. Ngoja nimalize kwangu."

Utingo akanitazama mimi. Nikaegemea jembe. Akamtazama dereva, na dereva, sijui alifikiri nini, akazima injini. Kukawa kimya ghafla, kimya cha zamani, kile cha kabla ya magari. Tukabaki wote watatu tunasikiliza ziwa likipiga mawe chini, na ufagio wa Bibi ukienda na kurudi, bila haraka, mpaka alipofika mwisho wa mpaka wake.